Karatasi ya Moyo wa Sylviane

Kakuma kuna watu wa kila kazi. Kuna mafundi cherehani, kuna wanaochaji simu za watu kwa sola, kuna hata mzee mmoja Mrundi anayewaandikia watu barua za malalamiko na kuzipamba kwa Kifaransa. Lakini kazi ya Clotilde ilikuwa kusimama. Alisimama foleni kwa niaba ya wengine. Mama mwenye mtoto mchanga, mzee mwenye miguu iliyovimba, mwenye duka asiyetaka kufunga duka lake kwa ajili ya kwenda kungoja ofisini, wote walimjua Mama Foleni. Alifika mapema, akapanga jiwe la huyu, jerikeni ya yule na ndala za mwingine, halafu akakaa kwenye kivuli cha mti wa mathenge akivilinda. Jina likiitwa, aliitika yeye: "Yupo! Anakuja!" Mwenyewe akatafutwa mbio.

Anayeicheka kazi hiyo hajawahi kusimama. Ofisini pale jina likiitwa mara mbili bila kuitikiwa, faili hurudishwa chini ya rundo, na rundo la Kakuma halina sakafu. Kuna watu wamezeeka wakingoja karatasi zao zielee tena juu. Kwa miaka tisa Clotilde hakuliacha jina la mtu lianguke chini. Alilipwa kipande cha sabuni, au kikombe cha unga, na siku za bahati mafuta kidogo. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, hata waliompa unga wakaanza kumpa shukrani, naye akazipokea, akaenda kusimama vilevile.

Alitoka mji wa Baraka, kule Fizi, miaka kadhaa kabla ya kuianza kazi hiyo, akiwa na wasichana wawili, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. "Mume alibaki njiani," ndivyo alivyosema kila alipoulizwa, na hakuongeza neno. Wa mkononi alikuwa Sylviane. Wa mgongoni alikuwa Stéphanie, mdogo wake kwa mwaka mmoja na miezi, na walifanana mpaka mchungaji wa kanisa lao alikata tamaa, akawa anawaita wote "binti".

Sylviane alipotimiza miaka kumi na minne akaacha kulala. Alisema kuna wanaume wanaongea ndani ya mabati ya paa, na wanaume hao wana waya, na siku moja watampitisha waya kifuani. Akaacha shule. Akaacha kuoga. Akaacha kumwita mama yake mama. Waombaji wa kanisani walikuja wakaomba hadi sauti zikawakauka, na Clotilde hawalaumu, maana walikuja bila kuitwa na waliondoka bila kudai kitu. Mwishowe jirani yake Achol, mama wa Kisudani Kusini anayeuza chai karibu na bomba, akamshika mkono Clotilde na kumpeleka kliniki. "Mimi dada yangu alikuwa hivi," alisema Achol. "Sisi tulingoja. Wewe usingoje."

Kliniki walimkuta Kipkemboi. Kwa cheti hakuwa daktari, lakini kila mtu alimwita daktari, kijana mrefu aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo zito. Akampa Sylviane vidonge vidogo vyeupe. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya tatu msichana akalala usiku mzima. Wiki ya sita, mchana, Clotilde alikuwa anapika maharage, akasikia sauti nyuma yake ikiuliza, "Mama, chumvi iko wapi?"

Chumvi iko wapi! Clotilde aliweka mwiko chini akalia mpaka maharage yakaungua. Tangu siku hiyo alivipenda vile vidonge kama mtu anavyompenda aliyemwokoa mtoni. Ukitaka kuielewa habari yote hii, lielewe hilo kwanza.

Basi mwaka ukapita, Sylviane akarudi shule, akarudi kwaya. Jumapili moja, katikati ya wimbo, akaanguka. Wakampepea, akaamka. Baada ya siku kumi akaanguka tena, akitoka chooni. Clotilde alimpeleka kliniki akidhani ni njaa, na njaa ilikuwapo ya kutosha kusingiziwa. Kipkemboi akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Mama Sylviane, nisikilize vizuri. Hii dawa inatibu kichwa, lakini kwa vijana wengine inasumbua moyo. Moyo ukipiga mara moja, unahitaji muda kidogo wa kujipanga ndio upige tena. Sawa? Dawa inaweza kuurefusha huo muda. Ukirefuka sana moyo unachanganyikiwa, unatetemeka tu, hausukumi damu. Mtu anazima. Saa zingine anaamka. Saa zingine haamki."

"Lakini dawa imemurudisha, daktari."

"Najua. Ndio maana siwezi kuikata hivi hivi. Nampunguzia nusu, halafu nataka apimwe moyo. Mashine yetu imeharibika. Itabidi aende Lodwar, alazwe kitandani abandikwe waya kifuani, haziumi, halafu itoke karatasi yenye mistari. Nikiona mistari nitajua. Bila hiyo karatasi, mwezi ujao sitampa dawa tena. Sitaki kumuua kwa mkono wangu."

Alipoandika rufaa akauliza bila kuinua kichwa, "Kwenu kuna kijana yeyote aliyewahi kuanguka akafa ghafla? Bila kuugua?"

Clotilde alimkumbuka Didace, mdogo wake wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akikimbiza mpira kando ya ziwa siku ya harusi ya binamu yao, akaanguka kifudifudi kwenye nyasi, na walipomgeuza alikuwa ameshaondoka. Lakini kila mtu Baraka alijua Didace alipewa sumu, tena aliyempa alijulikana, na nyumba yake ilichomwa. Daktari ameuliza magonjwa, hakuuliza sumu.

"Hapana," akajibu.

Kutoka kambini kwenda Lodwar mkimbizi anahitaji kibali, na kibali kilihitaji foleni, na foleni ilimhitaji Mama Foleni. Wiki mbili alisimama kwa jina la nyumba yake mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea. Kilipotoka kilikuwa cha siku mbili tu, Jumanne na Jumatano, kwa Sylviane na mzazi wake, chenye picha ndogo ya Sylviane ya miaka mitatu nyuma, uso wa mtoto tu ambao ungeweza kuwa wa yeyote kati ya wale wawili.

Jumanne asubuhi Sylviane akaipata habari ya waya. Nani alimwambia? Mama yake mwenyewe, kwa nia njema, ili asije akashtuka mbele. "Batakubandika waya kidogo tu hapa, haziumi." Ndimi zetu hizi! Msichana akarudi nyuma hadi ukutani. Akashika mti wa kitanda kwa mikono miwili.

"Njo bale, mama. Njo bale banaume ba waya. Sitaenda."

"Hapana, mwanangu, hawa beko baganga ba hospitali."

"Sitaenda! Unipige, uniue, sitaenda!"

Walimbembeleza kwa zaidi ya saa moja. Achol alikuja akajaribu kwa chai ya sukari. Stéphanie akajaribu kwa utani. Gari aina ya Probox lililokuwa limeahidiwa likapiga honi nje mara tatu, na dereva akaanza kutaja habari za kuondoka. Clotilde alisimama katikati ya chumba na kibali mkononi. Wiki mbili za foleni, siku mbili za ruhusa. Kibali hiki kikifa, kingine kitakuja baada ya mwezi, na kabla ya mwezi dawa itakatwa, na dawa ikikatwa wanaume watarudi kwenye mabati na hakuna atakayeuliza chumvi iko wapi.

Akamtazama Stéphanie. Mzima, miaka kumi na tano, mshambuliaji wa timu ya wasichana, msichana asiyejua hata kikohozi.

Watu wa nje watasema mama gani huyu. Waseme. Lakini wao hawajaishi mahali ambapo karatasi ndiyo mtu, na mtu ni kivuli cha karatasi. Kwa miaka tisa Clotilde alikuwa amesimama mahali pa watu, ameitikia majina yao, amepokea namba zao, na hakuna mbingu iliyoanguka. Kila mtu alipata chake. Kwake yeye karatasi ya moyo ilikuwa karatasi kama nyingine, kitu kinachodaiwa dirishani ili dirisha lifunguke. Hakuwaza kwamba hii ilikuwa na habari ndani yake. Mwenye shida hachagui, akajiambia, na mguu wake tayari ulikuwa mlangoni.

"Stéphanie, vaa viatu," alisema. "Leo utasimama pa dada yako."

"Wewe enda," Achol akamwambia, akikaa kitandani kando ya Sylviane. "Mimi nakaa na yeye."

Njiani polisi walikitazama kibali, wakaitazama picha, wakamtazama Stéphanie, wakakirudisha. Kilomita mia na zaidi za lami, mbuzi na vumbi, na Lodwar ikatokea na joto lake lisilo na aibu. Kliniki walikoelekezwa ilikuwa chumba kimoja cha kungojea na kimoja cha mashine. Fundi wa mashine alikuwa dada wa Kiturkana aliyeitwa Namuria, mwenye shanga shingoni juu ya koti jeupe.

"Ejok," akawasalimu.

"Ejok noi," akajibu Clotilde, maana salamu hiyo alikuwa nayo.

Namuria akafungua faili. "Sylviane?"

Stéphanie alikuwa anaitazama mashine. Clotilde akamfinya ubavuni.

"Nipo," akasema Stéphanie.

Akalala. Akabandikwa waya, akacheka kwa sababu gundi ilikuwa baridi. Mashine ikanguruma, ikatapika karatasi ndefu yenye mistari. Namuria akaitazama. Akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama tena. "Tulia kabisa, narudia," akasema. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Clotilde aliwaza kwamba hata mashine za Lodwar mbovu.

"Huyu anatumia dawa gani?" Namuria akauliza.

"Iko kwa barua," Clotilde akajibu.

Namuria akaisoma barua, akatikisa kichwa taratibu, akaziweka karatasi zote kwenye bahasha na kuifunga. "Mpelekee daktari wenu. Kesho, usikawie. Na huyu msichana asikimbie kimbie." Clotilde akasema asante. Alichosikia ni kwamba bahasha ipo.

Wakirudi, Stéphanie alikuwa na furaha ya mtu aliyesafiri. Alikuwa hajawahi kuvuka kizuizi cha kambi tangu alipoingia akiwa mgongoni. "Mama," akasema, "nimemuazima Sylviane moyo yangu. Akiiharibu ataniona!" Clotilde akacheka, na dereva naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Jumatano Kipkemboi alifungua bahasha. Alitoa rula ndogo mfukoni, akaanza kupima visanduku vya karatasi ile, akiandika pembeni. Clotilde alikaa mbele yake na Sylviane, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyenakili mtihani na anajua kwamba majibu ni sahihi. Miwani ikavuliwa.

"Pole, mama. Si nzuri. Muda wa moyo huu ni mrefu kuliko nilivyoogopa, mrefu sana. Na hii ni kwa nusu ya dawa! Nasimamisha leo. Kabisa. Kuna dawa nyingine isiyousumbua moyo hivi, haiko hapa, nitaiagiza Nairobi. Mpaka ifike, asikimbie, asibebe maji, asishtuliwe. Mtoto mwenye moyo huu anaweza kuanguka akikimbia, akishtuka, hata kwa furaha."

"Haiwezekani," Clotilde akasema. "Iko muzima."

"Nani yuko mzima?"

Clotilde aliinama akaitazama ile karatasi mezani, mistari ikipanda na kushuka, na juu yake jina: Sylviane. Kipkemboi alidhani analia kwa ajili ya dawa, na kweli mwanzoni alilia kwa ajili ya dawa. Alifika katikati ya laga, mto mkavu wa mchanga, wakirudi nyumbani, ndipo alipoelewa. Akaketi kwenye mchanga. Moyo ule haukuwa wa Sylviane. Mbele yake alimwona Didace kifudifudi kwenye nyasi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili akajiuliza kama nyumba waliyoichoma ilikuwa ya mtu asiye na hatia.

Sasa mwanadamu ni kiumbe wa ajabu. Ungedhani angegeuka palepale akakimbia kliniki. Hakugeuka. Alikwenda nyumbani akamnyang'anya Stéphanie jerikeni.

"Leo napumzika?" Stéphanie akauliza.

"Tangu leo habebi mutu maji hapa isipokuwa miye."

"Na mpira?"

"Mpira vilevile. Imekwisha."

"Kwa sababu gani? Nimefanya nini?"

Clotilde akaibeba jerikeni akatoka. Angemjibu nini? Aliogopa, na tuseme wazi aliogopa nini. Aliogopa faili. Kambini kila mtu anajua kisa cha familia fulani iliyodanganya jina moja, na tangu hapo kila karatasi yao hutiliwa shaka. Aliona aibu pia, ya kumtazama Kipkemboi aliyempima Sylviane kwa rula kumbe anapima mwingine. Na chini ya yote kulikuwa na tumaini la kijinga kwamba mashine ilikosea. Si Namuria alirudia mara tatu? Wahenga wamesema mficha ugonjwa kifo humuumbua, na Clotilde aliijua methali hiyo vizuri, aliwahi kuwaambia wengine.

Siku tisa zilipita. Vilikuwa vimebaki vidonge kumi na vinne ndani ya kikopo. Kila asubuhi alikishika. Kwa vile karatasi haikuwa ya Sylviane, basi Sylviane hakukatazwa dawa, ndivyo alivyowaza siku ya kwanza, na akamwaga kidonge kimoja kiganjani. Halafu akawaza tena: wametoka tumbo moja, damu moja ya Didace, na aliyezimia mara mbili ni huyu. Karatasi ile haikumwambia lolote juu ya Sylviane, si zuri si baya. Alikuwa amekwenda hadi Lodwar kununua kutokujua. Akakirudisha kidonge. Siku ya tano Sylviane akaanza kuyatazama mabati. Siku ya saba akaacha kuoga. Siku ya tisa Clotilde alimwambia, "Mwanangu, niletee chumvi," na msichana akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Siku iliyofuata Clotilde alikwenda kliniki akaweka jiwe lake mwenyewe. Zamu yake ilipofika akaingia, akabaki amesimama.

"Daktari, ule moyo si ya Sylviane."

Akaeleza yote. Waya, Probox, kumfinya mtoto ubavuni. Akaeleza na habari za Didace. Kipkemboi hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliifungua ile faili akaitazama karatasi upya, kisha akaweka kidole juu ya jina na kukiacha hapo.

"Kwa hiyo huyu mwenye moyo huu hanywi dawa yoyote," alisema. "Moyo wake uko hivi wenyewe."

"Ndiyo."

"Na yule anayehitaji dawa nimemkatia bure. Au si bure. Hatujui." Akajifuta uso. "Siku tisa, mama!"

"Unisamehe."

"Si mimi wa kukusamehe. Yuko wapi Stéphanie sasa?"

"Nyumbani. Nimemukataza kukimbia."

"Umemwambia kwa nini?"

Clotilde akatikisa kichwa.

"Mwambie leo," alisema Kipkemboi. "Mtoto wa miaka kumi na tano ukimkataza bila kumwambia sababu, atatii ukimtazama tu." Akapiga simu Lodwar mbele yake. Wakamwambia Stéphanie aanzishwe vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, ambavyo vingefika na gari la dawa Jumatatu, na wasichana wote wawili wapelekwe, kila mmoja apimwe kwa jina lake. Aliandika rufaa mbili. Akazigonga mihuri. "Hili la faili niachie mimi. Wewe kimbilia kibali."

Ilikuwa Ijumaa. Jioni ile Clotilde aliketi na Stéphanie mlangoni, akimsuka nywele, kwa sababu mtu akisukwa haoni uso wa anayemsuka. Alitaka kusema. Alianza, "Unajua, mjomba wako Didace..." na Stéphanie akasema, "Yule wa sumu?" na Clotilde akasema, "Ndiyo, yule," akaendelea kusuka. Ungemwambiaje mtoto kwamba ulimpeleka Lodwar acheze mchezo, na mchezo ukamtaja yeye? Alijiambia atamwambia Jumatatu, vidonge vikishafika, ili habari mbaya iwe na dawa mkononi. Akamaliza kusuka mistari yote.

Jumamosi asubuhi alikwenda ofisi ya vibali, akaweka jiwe. Hakukuwa na mtu wa kusimama bombani. Yule mama mwenye mtoto mchanga alikuja nyumbani akiuliza, "Mama Foleni yuko?" Stéphanie akamwambia hayupo, akaitazama jerikeni ya mama wa watu, akamtazama mtoto aliyekuwa analia. Mama yake alimkataza kubeba maji. Hakumkataza kusimama. Kusimama ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba yao.

Achol aliona yote akiwa kwenye meza yake ya chai. Stéphanie aliipanga jerikeni, akaketi kwenye kivuli cha mathenge, akawa anatania watoto. Maji hayakuja saa mbili, wala saa tatu. Saa nne bomba likakohoa, mtu akapiga kelele, "Yamefika!" na foleni yote ikavunjika kama inavyovunjika siku zote maji yakichelewa. Watu wakakimbia. Stéphanie akaruka akakimbia na jerikeni, wa kwanza mbele yao, mshambuliaji yule, akicheka. Hatua sita au saba. Halafu akalala kifudifudi, na wengine wakampita wakidhani amejikwaa.

Achol alipomgeuza alikuwa na tope la maji mdomoni, na nywele zake mpya hazikuwa zimeharibika hata mstari mmoja.

Clotilde aliitwa akiwa wa tatu kutoka dirishani. Sitaeleza alivyopita njia ile. Kuna mambo ambayo anayeyasimulia huyaongezea tu aibu. Alimzika Stéphanie Jumapili, kwenye makaburi yale ya vumbi ambako upepo hufuta majina kabla rangi haijakauka. Jumatatu gari la dawa lilifika kama lilivyoahidi, na Kipkemboi mwenyewe alikuja nyumbani kwa miguu, akakaa nje kwenye jerikeni iliyopinduliwa. Alipoondoka alisema tu kwamba Sylviane lazima afike Lodwar, sasa kuliko zamani. Clotilde akakubali kwa kichwa. Ndani, Sylviane alikuwa akiwaambia wanaume wa mabatini kwamba Stéphanie ameenda mpirani.

Vibali vilitoka wiki iliyofuata, maana aliyekuwa nyuma yake foleni siku ile alizifikisha rufaa zote mbili dirishani. Uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa, jua limeshachukua kivuli chote. Clotilde alikuwa na Sylviane ubavuni, amemshika kiganja, na Achol nyuma yao na chupa ya maji. Msichana alikubali kuja. Hakuna aliyejua kwa nini. Labda wale wanaume walimruhusu. Karani alikuwa kijana mgeni, hakujua habari za mtu, anasoma kutoka kwenye rundo.

"Sylviane!"

"Yupo," akasema Clotilde.

Karani akaweka karatasi moja kando, akachukua ya chini yake.

"Stéphanie!"

Waliokuwa karibu waligeuka. Wengi wao walikuwa wameitikiwa na mwanamke huyu, siku moja au nyingine, katika miaka ile tisa. Mdomo wa Clotilde ulifunguka kwa mazoea, na hakuna sauti iliyotoka. Karani akainua macho.

"Stéphanie! Mara ya pili!"

"Nipo," akasema Sylviane.

Alisema vizuri, kwa sauti ya mtoto mwenye adabu. Alikuwa amemtazama karani usoni, akingoja kupewa. Clotilde alimgeuza taratibu kwa mabega mpaka wakatazamana.

"Hapana, mama yangu," akamwambia. "Wewe uko Sylviane. Sylviane tu." Kisha akamgeukia karani. "Stéphanie hayupo."

"Anakuja?"

"Haji."

Karani akangoja kidogo, labda kwa kuwa uwanja mzima ulikuwa ukimtazama, naye hakujua sababu. Halafu akairudisha karatasi ile chini ya rundo, akaita jina lingine.